Taka hatarishi kwenye biashara, Arusha na Moshi: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Ukurasa huu ni wa mwenye gereji, saluni, loji, duka la pembejeo, karakana ya mbao au zahanati. Maswali ni yale yanayojirudia, na mengi yameachwa jinsi yanavyoulizwa. Msingi wa majibu ni Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 na kanuni zake za taka hatarishi za mwaka 2021, pamoja na utaratibu wa kawaida wa usalama kazini. Jibu likiwa limeshatolewa kwingine, utaelekezwa kwa namba.

## Mambo ya msingi

1. Biashara yangu ni fremu moja tu. Kweli na mimi nina taka hatarishi?

Karibu kila fremu inazo. Taka ni hatarishi ikiwa inashika moto kirahisi, inaunguza ngozi au kula chuma, ina sumu, inaweza kulipuka ikikutana na kitu kingine, au inabeba vimelea vya magonjwa. Moja tu kati ya hayo inatosha. Ukubwa wa biashara hauingii hapo: fundi simu ana betri zilizovimba, fundi rangi ana thina chafu, na ofisi yenye mhasibu mmoja na kompyuta mbili ina taa za mrija zenye zebaki na UPS (kifaa kinachoshikilia umeme ukikatika) yenye betri ya risasi, ile metali ya ledi, ndani.

2. Nitajuaje kama kitu fulani ni hatarishi?

Anza na lebo ya bidhaa. Alama za pembe nne zilizosimama kwa ncha, zenye mpaka mwekundu, zinakwambia kama kitu kinawaka, kinaunguza au ni sumu. Kisha mwombe aliyekuuzia karatasi ya taarifa za usalama wa kemikali hiyo. Ina sehemu 16, na mojawapo, ya 13, inaeleza namna ya kutupa mabaki. Msambazaji wa kweli anayo. Anayekupimia thina kutoka kwenye ngoma barabarani hana, na hiyo peke yake ni sababu ya kununua kwingine.

Usipime hatari kwa pua wala kwa mazoea. Petroli hutoa mvuke unaoshika moto hata usiku wa baridi ya Julai pale Sakina, wakati diseli huhitaji kupashwa hadi zaidi ya nyuzi 50 hivi ndipo mvuke wake uwake. Fundi aliyezoea kunawia diseli anadhani petroli ni ndugu yake.

3. Kemikali iliyoisha muda lakini haijafunguliwa ni taka?

Ndiyo, tangu siku ulipoamua hutaitumia. Iondoe kwenye rafu ya bidhaa, iweke upande wa taka na lebo yake ya asili ibaki ilivyo.

4. Ofisi ipi inahusika na nini? Nazungushwa tu.

Taka zenyewe, kwa maana ya vibali vya kukusanya, kuhifadhi, kusafirisha na kuteketeza, ziko chini ya NEMC, yaani Baraza la Taifa la Hifadhi na Usimamizi wa Mazingira, ambalo lina ofisi ya kanda Arusha. Kemikali kabla hazijawa taka ni za Mamlaka ya Maabara ya Mkemia Mkuu wa Serikali. Usalama wa wafanyakazi wako, glovu zao na mafunzo yao, ni wa OSHA, yaani Wakala wa Usalama na Afya Mahali pa Kazi, chini ya sheria ya mwaka 2003. Viuatilifu ni vya TPHPA, yaani Mamlaka ya Afya ya Mimea na Viuatilifu Tanzania, ambayo kwa bahati nzuri makao yake makuu yako hapa hapa Arusha. Dawa za binadamu zilizoisha muda ni za TMDA, yaani Mamlaka ya Dawa na Vifaa Tiba. Vitu vya mionzi ni vya Tume ya Nguvu za Atomu (swali la 25). Moto ni Zimamoto, namba 114.

Halmashauri ya Jiji la Arusha au Manispaa ya Moshi inashughulika na taka za kawaida. Bwana afya wa kata anaweza kukukagua na kukuandikia, lakini gari la taka la mtaa halijaandaliwa kubeba asidi. Ndiyo maana watu wanaona wanazungushwa: wanaenda manispaa na swali la NEMC.

## Vyombo, lebo na stoo

5. Chombo gani kinafaa?

Kisichovuja, chenye mfuniko unaokaza, na kisicholiwa na kilichomo. Asidi ya betri haiwekwi kwenye pipa la chuma. Thina haiwekwi kwenye dumu jembamba la plastiki, maana hulilainisha mpaka linakunja kiuno. Usijaze mpaka mdomoni. Acha nafasi, kwa sababu mafuta na viyeyusho hutanuka jua likipiga. Mfuniko ukae umefungwa muda wote isipokuwa unapomimina. Faneli iliyosahauliwa mdomoni mwa pipa ni sawa na pipa lililo wazi.

Kuna jambo moja halina mjadala: chupa ya maji ya kunywa au soda isiwekwe kemikali, hata kwa dakika tano, hata kwa "nairudisha sasa hivi". Thina nyeupe kwenye chupa ya maji haina tofauti na maji machoni pa kibarua mwenye kiu, na maji ya betri pia hayana.

6. Lebo iandikwe nini?

Maka peni na kipande cha plasta pana vinatosha. Andika hivi, kwa Kiswahili, kwa herufi kubwa:

TAKA HATARISHI
OILI CHAFU YA INJINI PEKE YAKE
INAWAKA. USIMWAGE.
IMEANZA KUJAZWA: (tarehe)

Neno "peke yake" ndilo linalofanya kazi. Pipa lililoandikwa "oili chafu" tu litapokea breki fluidi, maji ya rejeta na mabaki ya rangi kabla ya Ijumaa. Ukiandika "peke yake", anayetaka kumimina kitu kingine husita na kuuliza.

7. Naweza kuchanganya taka zote kwenye pipa moja nipunguze nafasi?

Hapana. Kwanza ni hatari. Jiki ikikutana na kisafisha choo chenye asidi hutoa gesi ya klorini. Klorini ya unga ya bwawa la kuogelea ikikutana na breki fluidi huwaka yenyewe bila kiberiti. Asidi na kemikali za alkali huchemka na kurusha matone. Pili ni hasara, na hapa ndipo wenye biashara hunisikiliza. Oili chafu safi ina mnunuzi. Betri nzima ina mnunuzi. Oili iliyomiminiwa lita mbili za thina haina, na sasa pipa zima la lita 200 ni mzigo ambao wewe utamlipa mtu auondoe.

Ukifuata jambo moja tu katika ukurasa huu, fuata hili: kila taka na chombo chake.

8. Stoo ya taka iweje? Sina hela ya kujenga.

Inahitaji sakafu isiyonyonya, paa, kufuli, hewa na ukingo. Sakafu ya zege inatosha. Udongo wetu wa volkano hunywa kila kitu. Paa ni kwa ajili ya masika: pipa lililo wazi mvuani Aprili hujaa maji, mafuta huelea, na yote humwagika mtaroni usiku mmoja. Kufuli ni kwa ajili ya watoto na wezi wa skrepa.

Ukingo ni kwamba chombo kikipasuka, kilichomo kibaki ndani ya chumba. Kipimo kinachotumika sana ni asilimia 110 ya chombo kikubwa kuliko vyote. Mfano: una mapipa mawili ya lita 200, unahitaji nafasi ya lita 220. Chumba cha mita 2 kwa mita 1.5, kikizungushiwa ukingo wa sentimita 10, yaani tofali lililolazwa na kupigwa plasta, kina ujazo wa lita 300. Ukitoa nafasi inayokaliwa na mapipa yenyewe bado unazidi 220. Hiyo ni kazi ya fundi mmoja siku moja. Usitoboe ukingo eti maji ya kudekia yatoke, la sivyo umejenga mapambo.

Vinavyowaka vikae mbali na mashine ya kuchomelea na jiko la mama ntilie. Asidi na alkali visikae ndani ya ukingo mmoja. Weka karibu ndoo ya mchanga au maranda ya mbao, koleo, glovu za mpira, miwani ya kinga na kizimia moto cha poda. Maranda ni mazuri kwa mafuta, lakini usiyatumie kwenye klorini wala asidi kali; huko tumia mchanga.

9. Naweza kukaa nazo muda gani?

Usigeuze stoo kuwa dampo. Fuata muda uliotajwa kwenye kibali chako au maelekezo ya NEMC, na tarehe iliyo kwenye lebo (swali la 6) ndiyo itakayokutetea siku ya ukaguzi. Mtandaoni utakuta siku 90 na siku 180. Hizo ni za Marekani, kwa wazalishaji wakubwa na wa kati wa huko, usizinukuu hapa kama sheria. Kwa gereji ya kawaida, kipimo cha akili ni pipa kujaa robo tatu: piga simu kabla halijajaa, siyo baada.

## Gereji na karakana

10. Watu wanakuja kuomba oili chafu wapake mbao, wengine wamwage barabarani kuzuia vumbi. Niwape?

Najua ni desturi. Nguzo za uzio kuanzia Ngaramtoni mpaka Himo zimepakwa oili chafu dhidi ya mchwa, na fundi anayetoa galoni bure anajiona ametenda wema. Lakini oili iliyotoka kwenye injini siyo ile iliyoingia. Imebeba chembe za vyuma, masizi na mabaki ya mafuta yaliyoungua, na baadhi ya hayo husababisha saratani. Ikipakwa kwenye banda la ng'ombe, ng'ombe huramba. Ikimwagwa barabarani, mvua ya kwanza huibeba.

Na tunajua inakokwenda. Mitaro ya Unga Limited huishia Themi, na Themi huenda Kikuletwa. Moshi, maji ya Rau na Njoro ndiyo yanayomwagilia mpunga wa Mabogini. Yanayobaki hufika bwawa la Nyumba ya Mungu, tunakopata perege. Oili ya gereji yako inaweza kurudi mezani kwako bila hodi.

Mwenye kibali cha kukusanya oili chafu ndiye mtu wa kumpa, naye huipeleka kusafishwa upya au kuchomwa kwenye tanuri za saruji, ambako joto hupita nyuzi 1,400. Akija mtu na kirikuu na madumu akisema anainunua, mwombe kibali kwanza (swali la 20). Wengine huiuza kwa wachoma matofali, na moshi wake hauna chujio.

11. Filta za oili na matambara je?

Filta itoboe upande wa juu, iinamishe juu ya ndoo ikiwa bado ina joto, iache ichuruzike usiku kucha. Oili iende pipani, chuma kiende kwa mnunuzi wa vyuma chakavu mwenye kibali.

Matambara yenye mafuta yawekwe kwenye ndoo ya chuma yenye mfuniko. Wenye karakana za mbao wawe waangalifu zaidi: kitambaa chenye mafuta ya kitani, au vanishi inayokauka kwa kuvuta hewa, hujipasha chenyewe kikikunjwa na kurundikwa, na huweza kuwaka usiku hakuna mtu. Kitandaze kikauke nje, au kizamishe kwenye maji ndani ya ndoo yenye mfuniko.

12. Betri za gari zilizokufa zikae wapi?

Wima, juu ya ubao wa chaga na siyo sakafuni, chini ya paa, vifuniko vikiwa vimekazwa. Funika vichwa kwa plasta ili spana ikianguka isiunganishe chanya na hasi. Iliyopasuka iwekwe peke yake ndani ya karai la plastiki.

Usimwage maji ya betri ili mzigo uwe mwepesi. Wako wanunuzi wanaotaka betri "kavu" kwa sababu hawataki kuibeba asidi; hao wanakuachia sehemu chafu ya kazi na wanaondoka na risasi. Ndani ya asidi hiyo kuna risasi iliyoyeyuka, na ukiimwaga umeipanda uani. Kuyeyusha risasi kwenye sufuria nyuma ya gereji ni baya zaidi. Mvuke na vumbi lake huingia mwilini mwa fundi, hukaa kwenye nguo, na jioni anamkumbatia mtoto nayo. Ubongo wa mtoto hauna kiwango cha risasi kinachojulikana kuwa salama. Hili ndilo ningelipigania hata kama mengine yote nisingeyasema.

13. Asidi imemwagika. Tunafanyaje?

Ondoa watu, vaa glovu na miwani, kisha zungushia mchanga isitambae. Nyunyizia magadi kuanzia pembeni kuelekea katikati, kidogo kidogo. Patatoka povu kwa sauti. Ukiongeza magadi na povu halitoki tena, asidi imekwisha nguvu. Magadi yale yale ya sokoni Kilombero au Mbuyuni yanafaa. Tope lililobaki bado lina risasi, kwa hiyo lichotwe liwekwe kwenye ndoo ya plastiki yenye lebo, lisisukumwe mtaroni.

Ikimrukia mtu, mwagia maji mengi yanayotiririka kwa dakika zisizopungua 15, jichoni pia, kisha hospitali. Usipake magadi mwilini, na usipoteze muda kutafuta maziwa.

14. Maji ya kuoshea injini na magari yakienda mtaroni kuna shida?

Ipo. Yapitishe kwenye chemba ya kutenganisha mafuta, ambako mafuta huelea na tope hutulia kabla maji hayajatoka. Chemba isiyozolewa haifanyi kazi, na tope lake nalo ni taka hatarishi. Kuosha magari kando ya mto ni kosa jingine kabisa: sheria ya mwaka 2004 inazuia shughuli za kudumu ndani ya mita 60 kutoka ukingo wa mto.

## Biashara nyingine

15. Saluni?

Asetoni, dawa za kunyoosha nywele na mabaki ya rangi. Nunua kidogo, maliza, funga vifuniko, usipashe karibu na moto. Chombo tupu cha dawa ya nywele kisuuzwe kabla hakijatupwa. Ile dawa inaunguza sinki kama inavyounguza kichwa. Nyembe ni swali la 18.

16. Hoteli na loji?

Hatari kubwa ni stoo ya bwawa la kuogelea. Klorini ya unga na asidi ya kurekebisha maji mara nyingi huwekwa rafu moja kwa kuwa zote "ni za bwawa". Zitenganishe kwa ukuta, na klorini iwe mahali pakavu, mbali na mafuta na petroli ya mashine ya kukatia nyasi. Kila moja iwe na kikombe chake cha kupimia. Mafuta ya kupikia yaliyotumika siyo hatarishi kwa maana ya kanuni hizi, lakini yataziba karo lako, na kwa vyovyote yasimiminwe pamoja na oili ya jenereta.

Loji zenye sola zina betri nyingi kuliko gereji ya mtaani. Za risasi, swali la 12. Za lithiamu, swali la 19.

17. Duka la pembejeo na shamba: makopo ya viuatilifu?

Suuza mara tatu pale pale unapochanganyia, na kila suuzo limimine kwenye bomba la kupulizia, siyo chini. Kisha toboa kopo ili asije mtu akawekea maziwa au maji. Makopo yaliyosuuzwa yahifadhiwe kwenye stoo yenye kufuli mpaka yakusanywe. Viuatilifu vilivyoisha muda au vilivyopigwa marufuku visifunguliwe wala kufukiwa. Wasiliana na TPHPA. Shamba la kahawa lenye stoo ya zamani huenda lina sumu zilizokaa tangu enzi za babu, na vifungashio vyake hubomoka ukivigusa. Funga mlango, ita wahusika.

18. Zahanati, famasi na maabara?

Sindano na nyembe ziingie kwenye boksi gumu la vitu vyenye ncha kali papo hapo, bila kurudishia kifuniko cha sindano, na boksi lifungwe likifika robo tatu. Mfuko wa njano ni wa taka zenye maambukizi, mwekundu wa zenye maambukizi makali, mweusi wa kawaida. Dawa zilizoisha muda zitengwe, ziorodheshwe, TMDA ijulishwe. Kuzimwaga chooni ni kosa hata kama ni tembe chache. Kipimajoto cha zebaki kikivunjika, fuata utaratibu wa taa hapa chini.

19. Taa za mrija, simu na betri za lithiamu?

Taa ya mrija ina miligramu chache za zebaki. Nzima ihifadhiwe kwenye boksi lake. Ikivunjika, fungua madirisha, toka dakika 10 hivi, usifagie kwa ufagio wala mashine ya kuvuta vumbi. Kusanya vipande kwa karatasi ngumu, malizia unga kwa plasta ya kunata, vyote ndani ya chupa ya kioo yenye mfuniko.

Betri ya simu iliyovimba usiitoboe kutoa upepo. Iweke kwenye kopo la chuma lenye mchanga mkavu, nje, mbali na vinavyowaka. Vifaa vya umeme chakavu vina kanuni zake za mwaka 2021, na havitupwi na taka za kawaida: kioo cha televisheni ya mgongo kina risasi.

## Kuzitoa

20. Nani anaruhusiwa kuchukua, na nimwombe nini?

Mwenye kibali kilicho hai kinachotaja aina ya taka unayompa. Kibali cha vyuma chakavu hakimruhusu kubeba asidi. Omba nakala, angalia tarehe na aina, na ukiwa na shaka peleka swali ofisi ya NEMC ya kanda. Kisha iwepo hati ya ufuatiliaji wa mzigo: nini, kiasi gani, nani ametoa, nani amebeba, nani amepokea. Nakala iliyosainiwa na mpokeaji wa mwisho irudi kwako. Isiporudi, fuatilia, kwa sababu mzigo uliokutwa korongoni ukiwa na lebo yako bado utaulizwa wewe. Mchafuzi ndiye anayelipa. Hiyo ni kanuni iliyo ndani ya sheria yenyewe.

Usimpe bodaboda, guta, wala kijana anayesema "niachie mimi, boss".

21. Kwa nini nisipeleke dampo la Muriet au Kaloleni?

Kwa sababu ni madampo ya taka za kawaida, na kuna watu wanaookota humo kwa mikono mitupu.

22. Nikichoma nyuma ya karakana?

Hapana. Moto wa uani hauna joto la kuvunja sumu, unazitawanya tu. Matairi, nyaya na plastiki huanguka kama masizi kwenye mboga za jirani. Kopo la spreya hulipuka.

23. Daftari la nini sasa?

Daftari la kawaida la mistari: tarehe, aina, kiasi, chombo, aliyechukua, namba ya hati. Andika pia waliofundishwa kazi, wakiwemo vibarua, kwa kuwa mara nyingi wao ndio hutumwa kumwaga. Mkaguzi akikuta daftari lililojazwa kwa kalamu tofauti na mwandiko tofauti analiamini kuliko lililoandikwa lote usiku wa jana.

## Yasiyo ya kawaida

24. Naezua paa la zamani, mafundi wanasema ni asbesto.

Simamisha kazi. Likiwa zima halina madhara makubwa. Likikatwa au kutupwa chini hutoa nyuzi zisizoonekana zinazoharibu mapafu miaka mingi baadaye. NEMC na OSHA wajulishwe, shiti zilowanishwe, ziteremshwe nzima na zifungwe kwenye plastiki nzito. Vipande visigawiwe watu wa kuezekea mabanda ya kuku.

25. Kwenye vyuma chakavu nimekuta kitu chenye alama ya mapanga matatu, nyeusi na njano.

Hiyo ni alama ya mionzi. Usikibebe, usikifungue, usikikate. Waondoe watu, funga eneo na uitaarifu Tume ya Nguvu za Atomu, ambayo ina maabara zake Njiro. Baadhi ya vitambua moshi vya zamani, vya kwenye majengo makubwa, vina chembe ndogo ya mionzi ndani. Visipasuliwe kutafuta shaba.

26. Nimekuta dumu halina lebo na hakuna anayejua ni nini.

Usinuse, usionje kwa ulimi (wapo wanaofanya), usimimine kwenye dumu jingine kuona kama litachemka. Likiwa limevimba au limeota chumvi mdomoni, usiliguse kabisa, piga 114. Likiwa salama kusogezwa, liandike HAIJULIKANI na tarehe, litenge, uliza aliyekuwa zamu kabla yako. Jibu lisipopatikana, Mkemia Mkuu anapima sampuli.

27. Nimepanga fremu, mpangaji aliyetangulia kaacha madumu na betri. Ni mzigo wa nani?

Kwa mkaguzi atakayeingia mlangoni, ni wa aliyeko ndani. Kwa hiyo kabla hujapokea funguo piga picha, orodhesha kila chombo, mpe mwenye nyumba orodha hiyo asaini, na kwenye mkataba iandikwe nani atalipia kuviondoa na lini. Mwenye nyumba akisema "wewe sukumia pembeni tu, atarudi kuchukua", mwambie aandike hivyo hivyo na asaini. Wengi hapo hubadili kauli na kumtafuta mpangaji wa zamani kwa simu. Ukishahamia bila karatasi, tenga vyote ndani ya ukingo kama ilivyo kwenye swali la 8, kisha anza na swali la 26 kwa yale yasiyo na jina.